Habari za Pensheni Iliyowekwa Katika Ghala Mbili

Imekuwa desturi ya Chama chetu kutia katika kitabu cha taarifa ya mwaka habari moja ya mambo yaliyopita, ili wazee wakumbuke na vijana wajue. Mara hii tumeziacha habari za koo na za mipaka ya mashamba, tukachagua jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la watu wa mbali, yaani pensheni ya Serikali ya Uingereza. Tumefanya hivyo kwa kuwa wapo kati yetu waliofanya kazi huko miaka ishirini, thelathini na zaidi, katika hospitali, katika shule, katika reli na katika mabaraza ya miji, nao wamekwisha kurudi nyumbani au wanajitayarisha kurudi. Watu hao huletewa karatasi ya makadirio ya pensheni, na karatasi hiyo imewatia wengi wao wasiwasi. Mtu huhesabu miaka aliyolipa Bima ya Taifa, akaona imetimia 35, kisha akasoma kwamba hatapata pensheni kamili. Chini yake huona mstari usemao kwamba aliwahi kujitoa katika sehemu ya pensheni ya Serikali, pamoja na hesabu ya pauni kadhaa kwa juma. Ndipo anapouliza: Nilijitoa lini? Nani aliyenitoa? Na pauni hizo zimekwenda wapi?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yamo katika historia. Sisi tunaoandika tuliyauliza pia, na mwanzoni tulidhani kwamba wenzetu wamedhulumiwa. Baada ya kulichungua jambo hili tumeona kwamba kujitoa kwenyewe hakukuwa dhuluma. Kulikuwa ni mapatano: fungu moja la pensheni liliondolewa katika ghala ya Serikali likawekwa katika ghala nyingine. Lakini mtu asiyejua kwamba ana ghala ya pili hataiendea, na asiyeiendea atakula nusu ya chakula chake huku akimlaumu asiyestahili lawama.

Tuanze mbali kidogo. Sheria ya kwanza ya pensheni ya wazee katika Uingereza ilipitishwa mwaka 1908, Lloyd George alipokuwa Waziri wa Fedha, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909. Mzee aliyetimiza miaka 70 na aliyekuwa maskini alipewa hadi shilingi 5 kwa juma. Hakuwa amelipia kitu, bali ilimbidi kuthibitisha umaskini wake na mwenendo wake mwema. Mwaka 1925 ikaja sheria ya pensheni ya kuchangia. Kisha, vita vilipokuwa bado vinaendelea, Desemba 1942, Sir William Beveridge akatoa ile taarifa yake mashuhuri, ambayo matunda yake yalianza kuonekana tarehe 5 Julai 1948 ilipoanza Bima ya Taifa. Fikira ya Beveridge ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wote walipe sawa, na watu wote wapewe sawa. Pensheni ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 26 kwa juma. Mwenye kutaka zaidi ya hayo ajiwekee mwenyewe.

Fikira hiyo ilikuwa na kasoro iliyoonekana mapema. Ikiwa wote watalipa sawa, basi malipo hayawezi kupita yale ambayo fukara wa mwisho aweza kuyatoa, na malipo yakiwa madogo, pensheni nayo itabaki ndogo. Wakati huohuo wazee walikuwa wakiongezeka na hazina ya bima ikielekea kupungukiwa. Serikali ya miaka ile ya mwisho wa 1950 ilitafuta njia ya kupata fedha zaidi kwa wale wenye mishahara mikubwa kidogo bila kumwumiza kibarua. Kwa hiyo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1959, chini ya uongozi wa Waziri wa Pensheni, Bw. John Boyd-Carpenter, nayo ikaanza kutumika Aprili 1961.

Hapa ndipo neno la kujitoa lilipozaliwa, na tunawaomba wasomaji watuvumilie kidogo, kwa maana yote yaliyofuata yanatokana na hapa. Sheria ile ilisema kwamba kila mfanyakazi atalipa asilimia 4¼ ya sehemu ya mshahara wake iliyo kati ya pauni 9 na pauni 15 kwa juma, na mwajiri atalipa kiasi kama hicho. Kila pauni 7 na shilingi 10 alizolipa mwanamume zilimnunulia nyongeza ya peni 6 kwa juma atakapokuwa mzee. Mwanamke ilimbidi alipe pauni 9 kwa peni zizo hizo. Lakini wakati huo makampuni mengi na ofisi nyingi za umma zilikuwa tayari na hazina zao za pensheni. Waajiri hao wakalalamika: Kwa nini tulipe mara mbili kwa jambo moja? Serikali ikawajibu kwamba mwajiri ambaye hazina yake yatoa pensheni isiyopungua ile ya Serikali aweza kuwatoa watu wake katika sehemu hiyo mpya. Hawatalipa mchango ule wa asilimia, wala hawatapata peni zile.

Twaweza kulifananisha jambo hili na desturi ya nyumbani. Baba ana ghala yake, na watoto wote hupeleka humo mahindi. Mmoja wao amekubaliana na mjomba wake kwamba sehemu ya mavuno yake itawekwa kwa mjomba, na mjomba ameahidi mbele ya wazee kwamba hatampa pungufu ya yale ambayo angalipewa na baba. Njaa ikija, mtoto huyo akifungua ghala ya baba atakuta fungu lake ni dogo kuliko la ndugu zake. Hawezi kusema ameibiwa. Anatakiwa avuke mto aende kwa mjomba. Ila mfano huu una upungufu mmoja, nao ni mkubwa: katika Uingereza aliyepatana na mjomba hakuwa mtoto mwenyewe, bali mara nyingi alikuwa mwajiri wake. Mfanyakazi aliingia kazini, akaandikishwa katika hazina ya pensheni ya kazini, na kwa kuandikishwa huko akawa amejitoa. Pengine aliarifiwa kwa karatasi siku ile ya kwanza, pamoja na karatasi nyingine kumi. Si ajabu kwamba miaka arobaini baadaye hakumbuki.

Mpango ule wa 1961 haukufanikiwa sana, maana peni 6 hazikuongezwa huku bei za vitu zikipanda, na ulikomeshwa Aprili 1975. Vyama vya siasa vikashindana juu ya nini kifuate. Mpango wa Bw. Richard Crossman ulianguka pamoja na serikali yake katika uchaguzi wa 1970. Mpango wa Sir Keith Joseph, uliopitishwa mwaka 1973, ukawekwa kando na serikali iliyofuata. Mwishowe Bibi Barbara Castle akaleta sheria ya mwaka 1975, na tarehe 6 Aprili 1978 ikaanza ile pensheni ya ziada iliyojulikana kwa herufi SERPS. Ilikuwa ya ukarimu. Kila mwaka wa kazi ulimpatia mtu asilimia 1¼ ya sehemu ya mshahara wake iliyo kati ya mipaka miwili iliyowekwa, hata katika miaka 20 akafikia robo ya mshahara huo, juu ya pensheni ya kawaida.

Wengi wa wanachama wetu waliofanya kazi huko waliingia katika habari hii kuanzia hapo, kwa sababu hazina za pensheni za hospitali za Serikali, za walimu na za mabaraza ya miji zilijitoa katika SERPS. Mapatano ya mwaka 1978 yalikuwa haya. Mfanyakazi aliyejitoa alipunguziwa mchango wa Bima ya Taifa kwa asilimia 2½ ya ile sehemu ya mshahara, na mwajiri wake kwa asilimia 4½, jumla asilimia 7. Kwa upande wake hazina ya kazini ilidhamini pensheni ya kiwango cha chini, ambayo huandikwa kwa herufi GMP, iliyokaribiana na ile ambayo SERPS ingalitoa. Siku ya kustaafu ikifika, Serikali ilihesabu pensheni ya ziada kana kwamba mtu hakujitoa, kisha ikatoa humo kile kiwango kilichodhaminiwa, ikalipa baki. Hayo ndiyo makato ya kwanza, na tazameni kwamba yalikuwa na malipo yake mapema: kila mwezi kwa miaka mingi mtu alikatwa kidogo zaidi katika mshahara. Mwenye kuhifadhi vijikaratasi vya mshahara vya kabla ya Aprili 2016 aweza kuthibitisha mwenyewe. Aliyekuwa katika hazina ya namna hii, kwa kawaida bima yake iliandikwa chini ya herufi D, na asiyejitoa chini ya herufi A. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na vijikaratasi hivyo ni daftari.

Mwaka 1986 serikali ya Bibi Margaret Thatcher iliona kwamba ahadi ya SERPS ni ghali mno kwa vizazi vijavyo. Ikaipunguza, robo ikawa moja ya tano kwa watakaostaafu baadaye, na hesabu ikawa ya maisha yote ya kazi badala ya ile miaka 20 iliyo bora. Tena ikafungua mlango mpya. Tangu mwaka 1988 mtu aliruhusiwa kujitoa peke yake, kwa kununua pensheni ya binafsi katika kampuni ya bima, na Serikali ikawa inapeleka punguzo lake huko moja kwa moja, pamoja na asilimia 2 zaidi kama kivutio katika miaka ya kwanza. Pensheni ya namna hii haikuwa na kiwango kilichodhaminiwa. Fedha ziliwekwa katika biashara ya hisa. Zikikua mtu amefaidi, zikipungua amepata hasara. Kwa huyu kijikaratasi cha mshahara hakionyeshi kitu, maana alilipa bima kamili na punguzo likapelekwa baadaye.

Mlango huo ndio ulioleta maafa. Wachuuzi wa pensheni waliingia hospitalini, mashuleni na migodini, wakawashawishi wauguzi, walimu na wachimba makaa waache hazina nzuri za kazini ambamo mwajiri naye alichangia, wakanunue pensheni za binafsi zenye gharama kubwa. Wakuu walipochunguza jambo hilo miaka ya 1990, makampuni yaliamriwa kulipa fidia ya mabilioni ya pauni. Wakati huohuo, Novemba 1991, alikufa tajiri wa magazeti Robert Maxwell, na ikagunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yametolewa katika hazina za pensheni za wafanyakazi wake. Basi mtu akisema kwamba watu walipoteza pensheni kwa sababu ya kujitoa, hasemi uongo kabisa. Ila tutenganishe mambo. Aliyebaki katika hazina ya hospitali au ya walimu hakuguswa na msiba huu.

Kashfa ya Maxwell ilizaa Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995. Kwa sheria hiyo, tangu tarehe 6 Aprili 1997 kiwango kilichodhaminiwa hakikuongezeka tena. Kwa miaka iliyofuata aliyejitoa hakupata SERPS, na hazina yake ikatakiwa ipite kipimo cha jumla. Aprili 2002 SERPS ikarithiwa na Pensheni ya Pili ya Serikali, iliyowafaa zaidi wenye mishahara midogo na walezi. Tarehe 6 Aprili 2012 ule mlango wa pensheni za binafsi ukafungwa. Na tarehe 6 Aprili 2016, kwa Sheria ya Pensheni ya mwaka 2014, kujitoa kwa namna zote kukakoma, na punguzo la mwisho, ambalo kwa mfanyakazi lilikuwa asilimia 1.4, likaondolewa.

Siku hiyo ya mwaka 2016 ndiyo iliyoiumba karatasi ya makadirio tuliyoitaja mwanzoni. Pensheni Mpya ya Serikali ilianza kwa wanaume waliozaliwa tarehe 6 Aprili 1951 au baadaye, na wanawake waliozaliwa tarehe 6 Aprili 1953 au baadaye. Kiasi chake kamili katika mwaka wa kwanza kilikuwa pauni 155.65 kwa juma, kwa mwenye miaka 35 ya bima. Aliye na chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Lakini Serikali isingeweza kumpa kiasi kizima mtu ambaye kwa miaka 30 alikuwa analipa bima ya punguzo, huku jirani yake aliyelipa bima kamili akipewa kiasi kilekile. Kwa hiyo kila mtu alifanyiwa hesabu mbili za miaka yake ya kabla ya Aprili 2016. Ya kwanza kwa kanuni za zamani. Ya pili kwa kanuni mpya, ukitoa kiasi cha kujitoa. Hesabu iliyo kubwa kati ya hizo mbili ikawa kiasi chake cha kuanzia.

Tutoe mfano, nao ni mfano tu. Muuguzi amefanya kazi hospitalini miaka 30 hadi Aprili 2016, yote akiwa amejitoa, na tuseme kiasi chake cha kujitoa ni pauni 40 kwa juma. Kwa kanuni za zamani, miaka 30 ilitosha kupata pensheni ya kawaida nzima, yaani pauni 119.30 kwa viwango vya mwaka ule. Kwa kanuni mpya atapata mafungu 30 katika 35 ya pauni 155.65, ambayo ni pauni 133.41, ukitoa 40 zabaki 93.41. Iliyo kubwa ni 119.30, na hiyo ndiyo ya kuanzia. Sasa mchukueni mwenzake aliyefanya kazi miaka 35. Kwa kanuni za zamani hapati zaidi ya 119.30, kwa maana miaka ilikuwa imekwisha timia. Kwa kanuni mpya apata 155.65, ukitoa 40 zabaki 115.65. Naye ataanza na 119.30 sawasawa na yule wa kwanza, ingawa amemzidi miaka mitano. Ndiyo sababu ya wale wanaolalamika kwamba wametimiza miaka 35 na bado hawana pensheni kamili.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Kila mwaka wa bima baada ya Aprili 2016 huongeza fungu moja katika 35, ambalo kwa viwango vya 2016 lilikuwa pauni 4.45, mpaka mtu afikie kiasi kamili. Muuguzi wetu akifanya kazi miaka 8 zaidi atafika pauni 154.90, na mwaka wa tisa utamaliza zile peni 75 zilizobaki. Wapo waliofikia pensheni kamili kwa njia hii na bado wana pensheni nzima ya hospitali. Hao wamefaidi pande zote mbili, nasi hatuwaonei kijicho.

Makosa tunayoyaona sana katika kuisoma karatasi hii ni matatu. Mtu huona makadirio ya pauni, tuseme, 180 kwa juma, na chini yake kiasi cha kujitoa pauni 40, kilichoandikwa kwa herufi COPE, akatoa 40 katika 180. Asitoe. Kiasi hicho kilikwisha kufikiriwa katika hesabu ya 2016. Kimeandikwa hapo kama taarifa tu. Kosa la pili ni la yule anayeiandikia hazina yake ya kazini kudai pauni 40 za COPE kama malipo ya peke yake. Hazina haina malipo yenye jina hilo. Ni makadirio ya Serikali ya kile ambacho kimehamia huko, nacho kimo ndani ya pensheni ya kazini kwa jumla, wala si juu yake. Na pensheni yenyewe yaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko makadirio hayo.

La tatu ndilo linalokula fedha. Serikali ya Uingereza humruhusu mtu mwenye haki kununua miaka aliyoikosa kwa michango ya hiari, kwa kawaida ya miaka 6 iliyopita. Hadi tarehe 5 Aprili 2025 kulikuwa na ruhusa maalum ya kurudi nyuma mpaka 2006. Basi mwenye miaka 30 ya kabla ya 2016 akanunua mwaka mmoja wa zamani zaidi, akidhani kila mwaka ni fungu. Tazameni ule mfano wa juu: kutoka miaka 30 hadi 35 hakuna kilichoongezeka. Mwaka wa baada ya 2016 ungalimsaidia, wa kabla haukumsaidia. Kabla ya kutoa hata pauni moja, mtu na aulize kwanza kwa maandishi Kituo cha Pensheni za Baadaye cha Serikali ya Uingereza kama mwaka ule utamwongezea kitu.

Sasa tufike nyumbani, kwa sababu kuna jambo moja ambalo hata sisi tulichelewa kulitambua. Kati ya Uingereza na Kenya hakuna mapatano ya bima ya jamii. Miaka ya kazi ya hapa haihesabiwi kule, na pensheni ya Serikali ya Uingereza ikilipwa hapa Kenya haiongezwi mwaka hata mwaka. Mtu aliyeanza kuipokea hapa katika mwaka 2016 kwa pauni 155.65 amebaki nazo hizo hizo, ilhali katika mwaka wa 2025/26 mwenzake aliyebaki Uingereza alipokea pauni 230.25. Bibi Annette Carson, aliyehamia Afrika ya Kusini, aliipinga kanuni hii mahakamani. Akashindwa katika Baraza la Malodi mwaka 2005, na tena katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg Machi 2010. Sisi twaiona kanuni hii kuwa si ya haki kwa watu waliolipa bima sawasawa na wenzao, lakini ndiyo sheria iliyopo.

Pensheni ya kazini haifuati kanuni hiyo. Hazina za utumishi wa umma, kama ya hospitali na ya walimu, huongeza malipo kila mwaka kufuata bei za Uingereza, hata kama mwenyewe yuko Kakamega au Voi. Basi lile fungu ambalo mtu alilia kwamba limeondolewa kwa Serikali laweza kuwa ndilo fungu pekee linalokua akiwa hapa, na lile lililobaki kwa Serikali ndilo lililosimama. Anayepanga kurudi hana budi kuzitazama ghala zote mbili namna hiyo kabla hajakata shauri la kuhama. Kwa pensheni za makampuni tahadhari yahitajiwa. Sehemu ya kiwango kilichodhaminiwa iliyopatikana kati ya 1978 na 1988 sheria haikuilazimisha hazina kuiongeza, na ya 1988 hadi 1997 huongezwa kwa asilimia zisizozidi 3. Na aliyesahau jina la kampuni, au ambaye kampuni yake imebadilika jina mara tatu, ipo huduma ya Serikali ya Uingereza ya kutafuta pensheni zilizopotea, ambayo haitozi kitu.

Vijana wasidhani kwamba habari hii ni ya waliovuka bahari peke yao. Sheria yetu ya NSSF ya mwaka 2013, ambayo baada ya kesi ndefu makato yake yalianza kutozwa Februari 2023, imeleta mpango unaofanana na ule. Michango imegawanywa katika daraja mbili. Ya kwanza lazima iende NSSF. Ya pili mwajiri aweza kuipeleka katika hazina nyingine iliyokubaliwa, kwa idhini ya mamlaka inayosimamia hazina za pensheni, yaani RBA. Tofauti ni kwamba hapa hakuna ahadi ya Serikali inayokatwa baadaye. Fedha zenyewe ndizo zinazohamishwa, na kila mtu atapata alichoweka pamoja na faida yake. Lakini kutoelewa kwaweza kuwa kulekule. Kwa viwango vya Februari 2025, karani mwenye mshahara wa shilingi 72,000 alikatwa shilingi 480 za daraja la kwanza na shilingi 3,840 za daraja la pili kila mwezi, na mwajiri akaweka kiasi hichohicho. Ikiwa mwajiri wake amejitoa katika daraja la pili, taarifa ya NSSF kwa miezi hiyo itaonyesha shilingi 960 tu kwa mwezi. Zile 7,680 nyingine ziko kwenye hazina ya pili, na ni juu ya karani kumwuliza mwajiri wake jina la hazina hiyo, namba yake ya uanachama, na kama jina la mrithi aliyemwandika ni la mtu aliye hai.

Wanachama walio na makadirio kutoka Uingereza, wanaotaka kusaidiwa kuyasoma, na wamwone Katibu baada ya mkutano wa mwaka. Waje na karatasi yenyewe, namba ya Bima ya Taifa, barua zozote za hazina za kazini, na vijikaratasi vya mshahara walivyo navyo, hata kama vimechakaa. Wajane wa wanachama waliofanya kazi huko waje pia, kwa maana baadhi ya hazina hulipa pensheni ya mjane, na ofisi ya kule haiwezi kumlipa mtu ambaye haijui kwamba yupo.